Soma Chuma Kabla ya Kuvuta

(Haya ni mazungumzo yetu, sisi mafundi wa karakana, mbele ya wenye trekta, madereva na wasaidizi wao katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa. Tumeyaandika kama tulivyoyasema.)

Sisi mnatujua. Trekta ikiharibika mnatuita, na tukichelewa mnatusema. Leo hatukuja kutengeneza kitu. Tumekuja kuzungumza, na gunia letu hili.

Humu guniani hamna mbegu wala mbolea. Mna vyuma. Tutavitoa kimoja kimoja, na kila mtu avishike kwa mkono wake.

Cha kwanza ni hiki. Hii ni ndoano ya mnyororo wa kuvutia trekta. Pokea, mzee, kisha umpe jirani. Mnaona ilivyofunguka? Imeachama kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Sasa igeuzeni mgongoni. Pana donge la chuma pale. Hapo ndipo ilipochomelewa baada ya kupata ufa. Je, ni nani aliyeichomelea?

Ni sisi. Sisi hawa hawa tunaosema nanyi.

Ilikuwa masika. Ninyi mnaijua mbuga yetu wakati wa masika, udongo mweusi unavyonata. Trekta moja ilizama na jembe lake la sahani. Ikaja nyingine kuivuta. Ndoano hii ilikuwa imeletwa kwetu siku chache kabla, ina ufa. Tukaichomelea, tukaipiga msasa, tukaipaka rangi nyeusi. Ilipendeza, na mwenyewe alitushukuru. Siku ile dereva alivuta mara ya kwanza, trekta haikutoka. Akarudi nyuma kidogo, akavuta kwa kishindo. Haikutoka. Mara ya tatu akarudi nyuma zaidi, akaja kwa mbio. Ndoano ikaachama, ikachomoka kwenye trekta iliyozama, na mnyororo ukaruka. Kijana wetu msaidizi alikuwa amesimama kama hatua tatu kutoka kwenye mnyororo, akimpungia dereva mkono. Ndoano ilimpiga chini ya goti.

Kijana mwenyewe yuko hapa, amekaa pale mbele na fimbo yake. Mguu ule haukupona sawasawa. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuja kusema habari hii hadharani. Akatujibu tuseme yote, hata yale ya donge.

Basi tuanze na donge.

Akina mama, tunawauliza ninyi. Kisu kizuri kikisahauliwa motoni usiku kucha, kesho yake kinakata? Hakikati tena vizuri. Ukikinoa, makali hayakai. Kwa nini? Kwa sababu mhunzi alikipa kisu kile ugumu wake kwa moto na maji kwa kipimo maalumu, nao moto wa jikoni umeuondoa. Ndoano na minyororo ya nguvu hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo. Kiwandani chuma chake hupashwa moto, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kidogo, mpaka kiwe kigumu bila kuwa chepesi kukatika. Sisi tukija na moto wa kuchomelea, tunaharibu kazi yote hiyo pale moto ulipofika. Upande mmoja chuma kinalainika, upande mwingine kinakuwa kama kigae. Kwa macho huoni kitu. Rangi nyeusi imefunika yote.

Kwa hiyo tangu siku ile, ndoano yenye ufa ikiletwa karakana hatuichomelei. Tunaikata vipande viwili palepale mbele ya mwenyewe, asije akaipeleka kwa fundi mwingine. Wapo wanaokasirika. Mmoja alituambia, "Mmenikatia mali yangu!" Tukamwomba radhi, lakini tukaikata.

Cha pili ni hivi vipande viwili vya mnyororo. Vitazameni. Unene ni mmoja, pete za vyote viwili ni milimita kama 10. Vyote ni vyeusi, vyote ni vizito. Je, vina nguvu sawa? Tunaona wengine mnatikisa vichwa kusema ndiyo. Sasa mwenye kusoma asome. Chukua kitambaa, futa mafuta, tazama pete moja moja. Kipande hiki, baada ya pete kadhaa, kuna namba imegongwa: 8. Minyororo mingine ya namna hii imeandikwa 80. Kile kingine hakina namba yoyote inayosomeka. Ni mnyororo wa kawaida wa dukani, wa kufungia geti.

Namba hiyo ndiyo daraja la chuma. Mnyororo wa daraja la 80 wenye unene wa milimita 10 umewekewa mzigo wa kilo 3,150, usizidi hapo. Mnyororo wa kawaida wa daraja la 30, unene ule ule, umewekewa kama kilo 1,200 tu. Mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na kwa macho ni mapacha. Ndiyo maana tunasema chuma nacho kina maandishi. Ninyi mliojifunza kusoma ukubwani, baadhi yenu mmetuambia mnasoma barua za watoto na mizani ya pamba. Someni na hiki.

Je, kilo 3,150 ni nyingi au ni chache? Hapo lazima tufanye hesabu. Trekta nyingi za huku kwetu ni za zamani. Massey Ferguson 135, kwa mfano, ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960, na mpaka leo mnailimia. Ni trekta nzuri, hatuisemi vibaya. Uzito wake bila jembe ni kama tani moja na nusu, yaani kilo 1,500. Watu wa jeshi, ambao kazi yao moja ni kunasua magari yaliyokwama, wana kipimo chao. Gari likizama matope kufika kiasi cha magurudumu, nguvu ya kulitoa ni sawa na uzito wake. Likizama mpaka kwenye madigadi, ni mara mbili ya uzito. Likizama kufika usawa wa kibanda cha dereva, ni mara tatu.

Sasa ile trekta ya kilo 1,500 ikizama mpaka madigadi, mara mbili, tunapata kilo ngapi? Kilo 3,000. Mnyororo wa namba 8 unaweza, lakini umefika karibu na mpaka wake. Mnyororo wa geti, wenye kilo 1,200, umezidiwa mara mbili na nusu. Na hapo hatujahesabu jembe lililozama nyuma.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hamtalipenda. Mnyororo wa maksai usivute trekta. Tunajua mnautumia. Tumeuona kwa macho, tena juzi juzi. Mnyororo ule ulitengenezwa kwa kazi ya ng'ombe. Jozi ya maksai wetu, wenye kilo 300 kila mmoja, wakilima kutwa wanavuta nguvu kama ya kilo 60, kwa sababu ng'ombe wa kazi huvuta kwa muda mrefu karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Trekta iliyozama inahitaji kilo 1,500 au 3,000. Gawanyeni wenyewe. Mnyororo wa maksai haukosei ukikatika. Umepewa kazi isiyo yake.

Kuvuta kwa mnyororo si jambo geni nchi hii. Wazee wamesikia habari za Kongwa, ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951. Kule walichukua minyororo mikubwa ya nanga za meli, wakaifunga kati ya mashine mbili, zikaenda sambamba na kulaza vichaka. Vichaka vya Kongwa viliwashinda hata hivyo. Lakini walijua jambo moja: mashine kubwa ilitaka mnyororo wa meli.

Sasa natoa kitu cha tatu. Samahani, tunatoa. Mwenzetu huyu amezoea kufanya kazi peke yake.

Hiki kinaitwa shakeli. Ni chuma kilichopindwa kama herufi U, na mdomoni pana pini ya kufungia. Kazi yake ni kuunga mnyororo na trekta. Tunaipenda kuliko ndoano kwa sababu ina mlango, na mlango ukifungwa kitu hakichomoki. Nayo ina maandishi yake ubavuni. Hii imeandikwa 3¼ T, maana yake tani tatu na robo, kilo 3,250. Mwili wake una unene wa milimita 16, na pini yake ni nene zaidi kuliko mwili. Kumbukeni hilo la pini. Ukiona shakeli ambayo pini yake ni nyembamba kuliko mwili, ujue ile pini si yake. Pini ya asili ilipotea, mtu akatia bolti ya kawaida. Bolti ile itapinda au itakatika, na kile kilichoandikwa ubavuni kimekuwa uongo.

Pini ya shakeli hukazwa mpaka mwisho, mpaka bega la pini liguse chuma. Kuna mazoea ya mafundi wa zamani ya kukaza kisha kulegeza robo mzunguko, eti isigande. Na sisi tulifundishwa hivyo tukiwa vijana. Si sahihi. Kaza mpaka mwisho kwa mkono. Kama trekta itatikisika kwa muda mrefu, pitisha waya kwenye tundu la pini, uufunge kwenye mwili wa shakeli, ili pini isijifungue. Na pini ipite kwenye tundu la trekta, ule mviringo ubaki upande wa mnyororo. Ukigeuza, mnyororo ukisugua pini huku na huku unaweza kuifungua taratibu, nawe unaendesha hujui.

Jambo jingine la shakeli ni kuvuta kwa ubavu. Shakeli ilitengenezwa ivutwe moja kwa moja. Ukiivuta kwa upande kabisa, nguvu yake inabaki nusu. Ile ya kilo 3,250 inakuwa ya kilo 1,625. Kwa hiyo trekta ya kuvuta ijipange mbele ya ile iliyokwama, au nyuma yake sawasawa. Usivute kwa pembeni kwa sababu tu njia ni fupi.

Kitu cha nne mnakijua wote. Nondo! Naam, kipande cha nondo ya kujengea nyumba, kimekatwa kwa msumeno, kikapindwa kichwa kidogo, kikawa pini ya kuungia tela. Mnacheka kwa sababu kila mmoja anacho nyumbani. Nondo haijazi tundu. Inacheza, inapinda, inaruka juu tela ikipita kwenye shimo. Halafu tela lenye mahindi na watu juu linashuka mlima peke yake. Hapo hatuna mengi ya kusema. Weka pini inayojaza tundu, yenye kichwa juu na kipini cha kuzuia chini, na mnyororo wa pili wa usalama unaopita chini ya maungio. Pini ikiruka, mnyororo ule utalishika tela mpaka dereva asimame. Na watu wasikae juu ya tela, ingawa tunajua hili litachukua muda.

Sasa tusogee kwenye jambo linaloua kuliko yote tuliyosema. Tutalichukua polepole.

Wakati ndoano ni nzima, mnyororo ni wa namba 8, shakeli ina pini yake, bado dereva anaweza kufa. Anakufa kwa sababu ya mahali alipofunga. Nyuma ya trekta, chini, pana chuma kirefu cha kukokotea. Mafundi hukiita droba. Kimewekwa chini ya ekseli kwa makusudi. Ukifunga mnyororo hapo, trekta ikivuta mzigo mzito, mzigo unaibana trekta chini. Lakini ukifunga juu, kwa mfano kwenye ile topulinki ya jembe, au ukauzungusha mnyororo kwenye ekseli yenyewe, mambo yanageuka. Magurudumu ya nyuma yakishindwa kuzunguka, nguvu ya injini inatafuta pa kwenda. Haiwezi kuyazungusha magurudumu, basi inaizungusha trekta yenyewe. Pua inainuka. Inainuka, inainuka, halafu trekta inampindukia dereva mgongoni.

Dereva atasema, "Mimi ni mwepesi, nikiona pua inainuka nitakanyaga klachi." Ndugu yetu, hutawahi. Waliopima wanasema kutoka pua inapoanza kuinuka mpaka kufika mahali ambapo huwezi tena kuirudisha ni robo tatu ya sekunde. Trekta kulala chali kabisa ni kama sekunde moja na nusu. Hebu semeni wote: "Klachi!" Mmemaliza? Imeshapinduka.

Na trekta zetu za zamani hazina kile kibanda au fremu ya chuma ya kumlinda dereva ikipinduka. Huko Sweden trekta mpya zilianza kulazimishwa kuwa na kinga hiyo tangu mwaka 1959, na vifo vya kupindukiwa vikapungua sana. Zetu nyingi zilikuja bila kinga, au ilikuja ikakatwa ili trekta ipite chini ya miembe. Basi kinga iliyobaki kwetu ni kufunga chini. Droba tu. Kama droba imepotea, trekta hiyo isivute mpaka ipate nyingine.

Kuna mama aliyetuuliza, kabla hatujaanza, kama hizi habari zinawahusu akina mama ambao hawaendeshi. Tulimwambia zinawahusu sana. Trekta ikizama, kijiji kizima kinakuja kutazama. Watoto wanakaa juu ya kichuguu. Wanaume wanatoa ushauri. Wote wako karibu na mnyororo. Kama mnyororo una urefu wa mita 6, kila mtu akae mbali mita 9 au zaidi, yaani urefu wa mnyororo wote na nusu yake tena. Akina mama, mkimwona mtoto ndani ya mita hizo, mwiteni. Na mkimwona mzee amesimama hapo, mwambieni kwa heshima, "Shikamoo babu, tunaomba usogee huku." Mtu mmoja tu atoe ishara kwa dereva, naye asimame mbali, mahali dereva anapomwona, siyo kandokando ya mnyororo kama tulivyomwacha kijana wetu asimame. Na mtu yeyote asiruke mnyororo uliokazwa, hata kama upande wa pili kuna chai.

Kabla ya kuvuta, tupa gunia lenye mchanga kidogo au blanketi zito katikati ya mnyororo. Ukikatika, uzito ule utaupunguzia mruko. Ndoano iwekwe mdomo wake ukitazama juu, ili ikichomoka isukumwe kuelekea chini. Ndoano iwe na kile kiulimi chake cha kufunga mdomo, na kiulimi kifanye kazi. Mzigo ukae ndani kabisa kwenye kiti cha ndoano, usikae nchani. Ncha ya ndoano haikutengenezwa kubeba kitu.

Halafu dereva aweke gia ndogo, asogee polepole mpaka mnyororo ukazike, ndipo avute. Asirudi nyuma na kuja kwa kishindo. Zile kilo 3,150 ni za kuvuta kwa utulivu. Kiwandani wanauacha mnyororo na akiba: mpya hukatika kwa karibu mara nne ya mzigo uliowekewa. Wengine wakisikia hivyo wanasema, "Kumbe tunaweza kuvuta tani 12!" La. Akiba ile ni ya kutu, ya kuchakaa, ya makosa madogo ambayo hatukuyaona. Kishindo kimoja cha trekta inayokuja kwa mbio kinaweza kuimaliza yote. Siku ile ya kijana wetu zilikuwa mara tatu.

Kamba ya nailoni nayo isiwadanganye kwa wepesi wake. Inavutika kama mpira, na ikikatika inarudi kwa nguvu zaidi kuliko mnyororo, pamoja na chuma chochote kilichofungwa mwishoni mwake.

Kumbe kuna chombo kingine ambacho hatukukitia guniani kwa sababu kila nyumba inacho. Jembe la mkono. Kabla ya kufunga mnyororo wowote, ondoeni jembe la trekta. Chimbeni matope mbele ya magurudumu, mteremko mdogo wa kupandia. Tieni matawi. Tazameni kama ni rahisi zaidi kuitoa kwa kurudi ilikotoka, maana pale ardhi imeshakanyagwa na mnajua ilikuwa inabeba. Watu wanne kwa nusu saa wanaweza kuushusha mzigo kutoka madigadi mpaka kwenye magurudumu, yaani kutoka kilo 3,000 mpaka 1,500. Wenye haraka huona hiyo ni kazi ya kizamani. Sisi tunaona ndiyo kazi ya kwanza.

Sasa tufike kwenye kukagua.

Pete za mnyororo huchakaa pale zinapokutana. Zikunje zitazame hapo ndani, siyo nje. Pete ya milimita 10 ikiliwa ikafika milimita 9, mnyororo umestaafu. Pia hesabu pete kumi, uzivute zinyooke, upime kwa rula ndani ya pete ya kwanza mpaka mwisho wa ndani ya ile ya kumi, kama mwenzetu anavyoonyesha. Mnyororo wetu huu ulipokuwa mpya kila hatua ya pete ilikuwa sentimita 3, kwa hiyo pete kumi ni sentimita 30. Zikifika sentimita 31 na nusu, umevutika. Umewahi kubebeshwa kupita kiasi, hata kama mwenyewe anakataa.

Ndoano mpya ichoreni kwenye karatasi ya boksi kwa penseli, mkate umbo lake, mlitundike ukutani. Kila mwanzo wa msimu pachikeni ndoano kwenye umbo lile. Kama mdomo umefunguka kuliko karatasi, au ncha imeinama upande, msiipige nyundo kuirudisha. Ikateni.

Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Kuna njia ya zamani ya karakana, na haina gharama. Safisha ndoano, ipake mafuta ya taa, iache kidogo mafuta yaingie. Ifute ikauke kabisa. Halafu saga chaki, ombeni shuleni kipande kimoja tu, uipake unga wake. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ule mstari ndio hukumu ya ndoano.

Je, zile ndoano kubwa nzuri za zamani, za mashamba ya katani, zisizo na namba yoyote? Tunajua ziko nyingi nyumba za huku, zingine nene kama mkono wa mtoto. Hatuzikatai uzuri wake. Lakini hatujui ni za chuma gani, zilivuta nini, wala zilipigwa moto mara ngapi. Tundikieni taa, au ndoo ya kisimani. Zisivute trekta.

Mnyororo usifungwe fundo ukiwa mrefu, wala usiungwe kwa bolti ukikatika. Kuna viungio vyake maalumu, navyo vina namba. Ukimaliza kazi, uoshe udongo, upake mafuta, uutundike. Usiulaze chini kwenye umande.

Haya. Tumeongea sana, na jua linapanda. Tuliwaomba kila mwenye trekta aje na mnyororo wake, na tunaona wengi mmekuja nayo, mingine imefichwa nyuma ya baiskeli. Leteni hapa chini ya mwembe. Tunayo rula, tunayo chaki na mafuta ya taa, na msumeno wa chuma tunao pia. Hatutakata cha mtu bila yeye mwenyewe kuona kipimo. Kijana wetu ndiye atakayepima, kwa sababu jicho lake kwa vyuma hivi sasa limetuzidi sote. Mzee, naona wewe uko karibu. Mpe mnyororo wako, aanze na wako.